Jibu la Swali Namba Thelathini na Moja

Kwa miaka kumi na tisa, kila waziri wa jimbo letu aliyesimama barazani kujibu swali kuhusu afya vijijini alisema maneno yangu. Wao walivaa kofia nyeusi, wakasafisha koo, wakagongewa meza. Mimi nilikaa nyuma yao kwenye kizimba cha maofisa nikiwa nimevaa sweta, maana kiyoyozi cha ukumbi ule hakijawahi kumhurumia mtu, nikawa nachezesha midomo kimya kimya wakati wao wanasoma. Nilijua kila koma ilipo. Siombi radhi kwa kujisifu. Kazi niliiweza.

Na kazi yenyewe haikuwa kujibu. Anayedhani hivyo hajawahi kukaa ofisini kwetu. Mjumbe anauliza daraja litajengwa lini. Sisi tunaandika kwamba serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo, kwamba taratibu zinaendelea, na kwamba utekelezaji utafanyika kwa awamu kadiri fedha zitakapopatikana. Waziri anasoma dakika nne, mjumbe anachoka, saa za maswali zinayoyoma. Katikati ya jibu tunapachika namba moja nzuri. Jibu lisilo na namba humfanya mwulizaji anyanyuke tena. Likiwa na namba anainamisha kichwa na kuiandika. Hilo nilifundishwa wiki yangu ya kwanza kazini, na mimi nikawafundisha waliokuja baada yangu.

Halafu akaja Mheshimiwa Senah binti Lajis.

Alikuwa mkunga wa serikali kwa miaka thelathini na miwili. Alipostaafu, watu wa Kuala Serindit wakamsimamisha awe mjumbe wao, upande wa upinzani, naye akashinda kwa tofauti ya kura sitini na moja. Mama mfupi, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, sauti ya mtu aliyezoea kuwaamrisha wanaume watoke nje ya chumba. Shida iliyomleta barazani ilikuwa moja. Serikali ilijenga kliniki Kuala Serindit, ukingoni mwa mto, kwa ringgit milioni mbili za umma. Ikakamilika, ikapakwa rangi, ikatiwa kufuli. Miaka miwili baadaye kufuli lilikuwa bado pale pale. Wajawazito wa vijiji sita waliendelea kupanda boti masaa matatu hadi hospitali ya mjini, na majuma machache kabla ya kikao ninachokisimulia, mwanamke mmoja aitwaye Rubiah alijifungulia humo humo botini, mvua inanyesha, mwenye boti ameugeuza uso wake pembeni kwa aibu huku akiendesha. Rubiah na mtoto walisalimika. Mheshimiwa Senah alitaka kliniki ifunguliwe kabla hajapatikana mwanamke wa pili, kwa sababu yeye alijua, kuliko sisi sote mle ndani, kwamba wa pili huenda asisalimike.

Tatizo ni kwamba alikuwa hajui kuuliza. Kwenye vikao vyake viwili vya mwanzo alisimama hivi:

"Mheshimiwa Spika, mimi kwa mikono yangu hii nimepokea watoto elfu nne..."

"Swali, Mheshimiwa," Spika anamkumbusha.

"Nakuja, Mheshimiwa Spika, niko njiani. Mwaka wa themanini na tisa, kulikuwa na mafuriko, na mama mmoja wa Kampung Rengas..."

Hapo wajumbe wanaanza kucheka, muda unakwisha, kipaza sauti kinazimwa, yeye anaendelea kuzungumza bila sauti kama mtu aliye nyuma ya kioo. Kizimbani kwetu tulicheka pia. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Kikao cha mwaka ule swali lake kuhusu kliniki lilipangwa namba thelathini na moja. Kwa wasiojua: asubuhi ya maswali hudumu kwa saa moja na nusu tu, na tangu nianze kazi haijawahi kuvuka namba kumi na mbili. Yanayobaki hujibiwa kwa barua, na barua haimtoi waziri jasho.

Jumatatu, siku ya ufunguzi, alinikuta kantini kwenye foleni ya nasi lemak, wali wetu wa nazi.

"Wewe ndiye Tarmizi?"

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Unayeandika yale majibu marefu."

"Waziri ndiye huandika, Mheshimiwa. Sisi tunasaidia."

"Usinidanganye asubuhi mapema hivi, wali bado unafuka moshi." Akanifuata, akaweka trei yake mezani kwangu bila kukaribishwa. "Waziri wenu, Dato' Zulhasnan, hawezi kujaza hata fomu ya kliniki. Mimi ndiye niliyemzalisha mkewe, mara mbili. Zote alijaza mama mkwe. Sasa niambie, mwanangu, mbona kila nikiuliza napigwa chenga?"

Nilipaswa kunyamaza, ninywe chai yangu niondoke. Lakini jamani, katika miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu ufundi wangu. Mke wangu mwenyewe alidhani napiga chapa tu. Nikajikuta nimevuta kiti karibu.

"Hupigwi chenga, Mheshimiwa. Unajipiga mwenyewe. Swali lako la kikao kilichopita lilikuwa na sentensi kumi na moja. Nikachagua moja rahisi, nikaijibu hiyo."

"Ipi?"

"Ile ya kwamba, je, serikali inawathamini akina mama?"

"Mkajibuje?"

"Kwamba inawathamini."

Akaacha kutafuna. Nami, kwa kuwa nilishaonja utamu wa kusikilizwa, nikaendelea.

"Swali refu lina vichochoro, Mheshimiwa. Mtu anachagua pa kupitia. Swali fupi halina. Ukiuliza jambo moja tu, tena dogo, waziri hana pa kwenda."

"Fupi kiasi gani?"

"Ulimalize bila kuvuta pumzi."

"Wodini ndivyo tulivyokuwa," akasema polepole. "Mama akiletwa na uchungu humwulizi habari za ukoo wake. Unamwuliza: chupa imepasuka saa ngapi?"

"Basi fanya kama uko wodini."

Alicheka, kifua na miwani vikatikisika. Halafu akanyoosha mkono, akachukua yai langu la kuchemsha kwenye sahani na kuliweka kwenye yake. "Wewe una mafuta mengi kwenye damu, nakuona machoni," akasema, akaondoka na trei yake.

Siku iliyofuata tukakaa kuandaa majibu. Maswali kuhusu kliniki yalikuwa matatu. Namba nne lilitoka kwa Mheshimiwa Teoh wa upande wetu, mtu mwema ambaye kila kikao huuliza lile tulilomwomba aulize. Namba kumi na saba lilitoka kwa mjumbe ambaye hakumbuki maswali yake mwenyewe. Na namba thelathini na moja la yule mama. Sasa, baraza letu lina desturi ambayo sisi waandishi tunaipenda mno: waziri anaweza kumwomba Spika ruhusa ya kuyajibu maswali yanayofanana kwa pamoja. Unayafunga yote fungu moja, unayamwagia jibu moja refu, na kila mwulizaji anapata kipande kisichomtosha. Nikayafunga hayo matatu.

Bi Vimala, mwenzangu wa meza ya pili, aliisoma rasimu akavua miwani.

"Tarmizi, ukimfungasha huyu mama na namba nne, Alhamisi atapata swali la nyongeza mbele ya watu wote. Ukimwacha kule kwenye thelathini na moja, atapata barua."

"Atahutubia. Spika atamkata. Sisi tutapata dakika tatu za bure."

"Na asipohutubia?"

"Huyo? Vimala, huyo akisalimia tu imeshakuwa hotuba."

Akarudisha miwani usoni. "Mimi simo. Andika popote unapoandikaga mambo yako kwamba Vimala hakuwemo."

Nimejiuliza mara nyingi kama nilimfungasha kwa kiburi, au kwa sababu mazungumzo ya kantini yalikuwa yamenikaa moyoni. Ningependa kusema ni hilo la pili. Ilikuwa kiburi.

Kisha jibu likahitaji namba. Nikafungua jedwali lililotoka wilayani. Kwenye mstari wa Kuala Serindit, safu ya "waliohudumiwa" ilikuwa tupu. Safu ya pembeni yake, ya "wanaolengwa", iliandikwa 1,140. Mtu wa kazi yangu akiona safu tupu anapata kiwewe. Nikaandika kwamba kliniki mpya za vijijini zinaendelea kuwanufaisha wananchi, ambapo Kuala Serindit peke yake imehudumia watu 1,140. Wallahi sikuona kuwa ni uongo. Niliona pengo limezibwa. Nasema hivi huku nikijua linavyosikika.

Alhamisi ni siku ya kuvaa batiki, na ukumbi mzima ulikuwa umejaa maua na ndege vifuani mwa watu wazima. Juu kwenye roshani ya wageni walikaa wanawake kama ishirini wa Kuala Serindit, waliokuwa wameondoka kwao alfajiri kwa boti mbili. Walikaa wamejikunyata kwa baridi, mikoba mapajani, kila mmoja akimtafuta mjumbe wao kule chini.

Dato' Zulhasnan akasimama, akaomba ruhusa ya kujibu namba nne pamoja na kumi na saba na thelathini na moja, akapewa, akasoma. Alisoma vizuri, sauti anayo. Alipofika kwenye "watu 1,140" aliinua kichwa kama nilivyomwekea alama, na upande wetu ukagonga meza. Kule juu wanawake wakatazamana.

Mheshimiwa Teoh akasimama na swali lake la nyongeza: je, Waziri anaweza kulieleza Baraza siri ya mafanikio haya? Waziri akaeleza. Mwenye namba kumi na saba alikuwa kantini. Kisha Spika, mzee Haji Yunos, mtu mkavu asiyeharakishwa na yeyote, akatazama upande wa upinzani.

"Mheshimiwa wa Kuala Serindit, swali la nyongeza. Na nasema swali, Mheshimiwa. Wasifu wako tumeshausikia."

Watu wakacheka, wengine wakajiegemeza vitini tayari kwa burudani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga faili zangu.

Mheshimiwa Senah alisimama bila karatasi. Akavaa miwani, ingawa hakuwa na cha kusoma.

"Mheshimiwa Spika, muuguzi aliyewahudumia watu hao elfu moja mia moja na arobaini anaitwa nani?"

Akakaa.

Kile kicheko kilichokuwa kimeandaliwa kikakosa pa kutokea. Spika mwenyewe akainama kwenye kipaza sauti chake.

"Umemaliza, Mheshimiwa?"

"Nimemaliza, Mheshimiwa Spika. Nataka jina moja tu."

Niliitambua kazi nzuri nilipoiona, na nilitambua nani aliyemfundisha, na niliona namba yangu imesimama peke yake katikati ya ukumbi bila nguo.

Dato' alisimama. "Mheshimiwa Spika, serikali inawathamini wauguzi wote bila kubagua..."

"Jina," akasema mtu wa upinzani.

"...na inatambua mchango wao mkubwa katika..."

"Jina, Dato'."

"Mheshimiwa Spika, majina ya watumishi ni jambo la kiutawala. Naomba nilijibu kwa maandishi."

Huo ndio mlango wetu wa nyuma. Tangu niingie kazini sijawahi kuuona umefungwa. Nikapumua. Lakini Mheshimiwa Senah alikuwa ameshanyanyuka.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika. Waziri amewahesabu watu mpaka wakafika elfu moja mia moja na arobaini. Hakusema elfu moja na ushee. Sasa aliyewahesabu ndiye hana jina?"

Spika akavuta kitabu cha Kanuni, akalowesha kidole, akafungua. Alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine huku watu sitini wakimtazama, kisha akakifunga.

"Namba hii haikuletwa na Mheshimiwa wa Kuala Serindit. Imeletwa na Waziri, katika jibu lake mwenyewe. Swali limezaliwa na jibu. Sioni jambo jipya hapa la kuandikiana barua. Waziri atajibu sasa. Tunasubiri."

"Jina tu, Dato', tuendelee," ikasikika sauti, na sauti hiyo ilitoka upande wetu. Alikuwa Teoh. Eneo lake la uchaguzi liko juu zaidi kwenye mto ule ule, na boti za wajawazito wake hupita mbele ya kliniki ile iliyofungwa.

Dato' akarudisha mkono wake nyuma, kiganja wazi, bila kugeuka. Ndivyo tunavyofanya: waziri akikwama ananyoosha mkono, na afisa anamwekea kikaratasi cha manjano. Nilikuwa na vikaratasi vitatu vilivyoandikwa tayari, vya dharura. Takwimu zinahakikiwa. Taarifa itawasilishwa. Suala lipo mezani. Nilivishika. Nikainua macho juu kwenye roshani, sijui kwa nini, nikawaona wale wanawake wameinamia ukingo, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Watu wazima ishirini wamepanda boti masaa matatu kuja kusikia wakiambiwa kwamba walishatibiwa.

Nikachukua kikaratasi kipya, nikaandika: Hakuna muuguzi. Kliniki haijawahi kufunguliwa. 1,140 ni waliolengwa, hakuna aliyetibiwa. Kosa ni langu. Tarmizi.

Vimala alisoma begani kwangu. "Umeamua?" akanong'ona.

"Nimeamua."

"Lete." Akakinyakua, akakiweka mwenyewe kwenye kiganja cha Dato', yeye aliyesema hayumo.

Dato' akasoma. Niliiona shingo yake ikiiva. Akageuka, akaziba kipaza sauti kwa mkono.

"Ni kweli hii?"

"Ni kweli, Dato'."

"Tangu lini?"

"Tangu ijengwe."

"Na mimi nimesimama hapa nikaisoma."

"Ndiyo, Dato'."

Nilidhani namjua. Nilimwandikia miaka sita, nilijua anapenda maneno gani na yapi yanamtatiza ulimi. Nilikuwa na hakika atatafuta kona nyingine, na mimi jioni hiyo nitakusanya vitu vyangu mezani. Badala yake akalichukua lile jibu langu refu, kurasa tatu, akaligeuza kifudifudi juu ya meza.

"Mheshimiwa Spika," akasema. "Hakuna muuguzi. Kliniki ya Kuala Serindit haijawahi kufunguliwa. Idadi niliyoitaja ni ya watu tuliopanga kuwahudumia, na hatujamhudumia hata mmoja. Kosa ni la ofisi yangu, na ofisi hiyo naiongoza mimi."

Jina langu hakulisoma.

Kisha mkono mmoja ukagonga meza, mara moja, kwa nguvu. Alikuwa Mheshimiwa Senah. Wa upinzani wakamfuata, halafu Teoh, halafu, niamini, upande wetu wote, wazee na vijana, wanagonga meza mpaka bilauri za maji zinacheza. Miaka yote ile nilisikia meza zikigongewa majibu marefu yasiyo na kitu. Hizi ziligongewa sentensi nne zenye ukweli ndani. Kule juu wageni wamekatazwa kupiga makofi. Wale wanawake walipiga, na askari wa roshani akawa anakagua dari. Mimi nililia. Vimala alinipa tishu, nikasingizia kiyoyozi.

Kelele zilipotulia Spika aliruhusu swali moja la mwisho, akampa Mheshimiwa Teoh. Teoh alikuwa amejifunza papo hapo.

"Lini?" akauliza, akakaa.

Dato' alirudisha mkono nyuma. Sikuwa na kikaratasi cha swali hilo. Akabaki ameunyoosha kidogo, kisha akauvuta mbele na kujibu mwenyewe.

"Kabla kikao hiki hakijafungwa. Siku kumi na mbili."

Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za Baraza, na kilichoandikwa pale hakifutiki.

Alasiri hiyo Dato' alishuka ofisini kwetu, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Akasimama kati ya makabati.

"Nani anaizuia hiyo kliniki?"

"Hakuna anayeizuia, Dato'," nikasema. "Muuguzi hapangiwi kituo kisicho na maji. Maji hayaunganishwi mpaka mkaaji asaini fomu ya mita. Na mkaaji ni muuguzi."

Alinitazama, akamtazama Vimala. "Huu upuuzi ameandika nani?"

"Huu siyo wa Tarmizi, Dato'," Vimala akasema. "Huu ni wa idara tatu kwa pamoja."

"Leta hiyo fomu."

Akaisaini kwa kalamu yake mwenyewe, palipoandikwa "mkaaji". Kwa siku saba, kwa mujibu wa vitabu vya maji, Dato' Zulhasnan aliishi peke yake kwenye kliniki ya Kuala Serindit, na watani wake barazani wakawa wanamwuliza kama mbu wa kule wanamsumbua. Maji yakatoka siku ya sita. Muuguzi alipatikana siku ya saba: Jamaliah binti Seman, mzaliwa wa mto ule ule, ambaye barua zake nne za kuomba kuhamishiwa kwao zilikuwa zimelala kwenye kabati lililo nyuma ya kiti changu.

"Na wewe," Dato' akaniambia, "siku ya kufungua utakwenda. Utakaa pale toka asubuhi mpaka wafunge, uhesabu watu kwa macho yako. Usiniletee jedwali."

Nilikwenda siku ya kumi na moja. Masaa matatu botini, jua kichwani, mgongo ukiniuma, na kila baada ya muda nikijaribu kufikiria safari hiyo kwa mtu mwenye uchungu, nikashindwa. Nilikuwa nimeandika kuhusu kliniki zaidi ya thelathini. Hii ilikuwa ya kwanza kuiona.

Mabenchi ya kibaraza cha kliniki yalijaa, na waliokosa nafasi walikaa kwenye ngazi. Mheshimiwa Senah alisimama mlangoni akimwambia kila anayepita kwamba yeye amestaafu na haingilii kitu, huku akinyoosha shuka za watu na kuwapanga foleni kwa ukubwa wa matumbo.

"Tarmizi," akaniita. "Ulijua nitauliza fupi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nilikuwa na hakika utahutubia."

"Hata mimi. Nilikuwa na kurasa tano. Niliposikia ile namba yako nikazirudisha mkobani." Akanishika bega kwa mkono uliopokea watoto elfu nne. "Ungeandika namba ndogo ningeiacha ipite, nikasoma kurasa zangu."

Nilikaa mwisho wa benchi na daftari langu. Mwanamke mwembamba aliyempakata mtoto mchanga akasogea kunipisha, akanitazama viatu, akanitazama kalamu.

"Wewe nani hapa? Una kalamu lakini hutibu."

Ningeweza kusema mimi ni afisa. Nilikuwa na majibu mengi ya namna hiyo, yote mazuri.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba mmeshatibiwa."

Benchi zima likageuka. "Kumbe ndiye huyu," akasema mama mmoja wa nyuma, na mwingine akamwambia amwache, mbona amekonda hivyo.

"Sisi wote?" akauliza yule mwanamke.

"Wote. Elfu moja mia moja na arobaini."

"Na mimi nilikuwemo?"

"Unaitwa nani?"

"Rubiah. Rubiah binti Sahak."

Nilijua jina hilo. "Ulikuwemo," nikasema.

"Basi dawa zenu ni kali," akasema. "Nilizaa botini nikiwa nimeshapona." Akina mama wakaangua kicheko, wakashikana mabega, na mimi nikacheka nao, machozi yakinitoka bila kiyoyozi chochote cha kusingizia.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi Jamaliah akatokeza, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, akasoma kwenye kadi: "Rubiah binti Sahak."

Rubiah akasimama haraka, akanyoosha nguo yake, akanipakatisha mtoto.

"Nishikie huyu. Nimeitwa mimi kwanza."

Akaingia ndani. Mtoto aliyezaliwa botini alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Niliweka daftari chini, nikamshika kwa mikono miwili, tukamngoja mama yake.